Swali la Pili

Wifi yangu Yafa alitaka kwenda kusoma mawe. Si mawe ya thamani kama yale anayouza baba yake kule Manhattan, yaliyokwisha kukatwa na kung'arishwa na kupangwa juu ya kitambaa cheusi. Yeye aliyataka yaliyo bado mlimani, yenye matope yake. Chuo kinachofundisha mambo hayo vizuri kiliitwa Ashgrove, huko Vermont, mwendo wa kutwa kwa gari kutoka kwetu Great Neck. Baba mkwe alikuwa na mawazo mengine. Kwa mawazo yake, Yafa angesoma chuo cha hapa hapa Long Island, alale nyumbani, awe daktari wa meno kama binamu zake, na kila Ijumaa jioni aketi pale anapoketi siku zote, kati ya mama yake na mimi.

Lakini hayo hakuyasema, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe. Baba mkwe, mzee Iraj Nehorai, ni mtu wa Shiraz, kule Uajemi, na mtu wa Shiraz hatoi la moyoni mara ya kwanza. Ukimkaribisha chai, anakataa. Ukimkaribisha tena, anakataa tena. Mara ya tatu anaipokea na kukushukuru kama umemtoa kwenye maji. Yeye naye akikupa kitu, ukatae mara mbili; usipokataa atakupa kweli, na moyo utamuuma mwaka mzima. Sisi twaiita taarofu. Mimi nimezaliwa nayo na nimeolewa nayo. Hata waliozaliwa huku Marekani kama Yafa wameinyonya kwenye maziwa, ingawa Kiajemi chao ni cha kuokoteza.

Aliyeitwa kutusaidia kuchagua chuo ni Bi Lois Pomerantz, mwalimu mstaafu. Ni Myahudi mwenzetu, lakini si wa kwetu hasa: babu zake walitoka Poland, mwenyewe kazaliwa Brooklyn, na sauti yake hufika sebuleni kabla yake. Watoto wa sinagogi letu wengi wamepita mikononi mwake. Sisi ndio tuliozoea kualikwa kwake; kwetu alikuja mara ya kwanza Jumapili moja mchana, akamkuta mama mkwe, Mama Farangis, amekwisha jaza meza: matango, machungwa, tende, biskuti za dengu, na chai inatokota.

"Chai, Bi Pomerantz?" akauliza Mama Farangis.

"Lete! Na hizo biskuti sogeza huku, nimezisikia sifa zake."

Mama Farangis akasimama kidogo na birika mkononi, kama mtu aliyesukuma mlango kwa nguvu akakuta ulikuwa wazi.

Bi Pomerantz akatafuna, akapangusa makombo, akamgeukia baba mkwe. "Haya, mzee Iraj. Tusizungushane. Binti anataka Ashgrove. Ni mbali. Unamruhusu au humruhusu?"

Baba mkwe akaweka mkono kifuani. "Bi Pomerantz, huyu mtoto ni nuru ya macho yangu. Furaha yake ndiyo furaha yangu. Aende Vermont, aende Uchina, aende hata mwezini akipenda. Mimi ni nani nimzuie?"

"Safi kabisa!" Bi Pomerantz akapiga meza, vikombe vikaruka. "Wazazi wote wangekuwa hivi ningeshaota nywele upya. Nina baba mmoja hapo mtaa wa pili, mtoto akitaja chuo cha ng'ambo ya daraja tu, presha inampanda."

Nikamtazama Yafa. Hakuwa na furaha hata chembe. Alikuwa anakikunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja. Alijua kama nilivyojua mimi: hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na mara ya kwanza haihesabiwi.

Mgeni alipoondoka, akanifuata jikoni.

"Wifi, umemsikia Baba?"

"Nimemsikia."

"Alikuwa anakubali?"

"Alikuwa anaongea vizuri."

"Si ndiyo hapo!" Akajitupa kwenye kiti. "Ningejuaje sasa?"

"Muulize tena. Halafu umuulize tena."

"Naogopa, wifi. Nikimuuliza mara ya tatu atasema kweli."

Nikampa sahani akaushe.

* * *

Ashgrove ni chuo kidogo, na huko mwalimu wa somo ndiye anayechagua wanafunzi wake mwenyewe. Wa mawe alikuwa Bi Dunmore. Kila mwaka alishuka huku kwetu kuonana na vijana, na Bi Pomerantz akapigana mpaka Yafa akapata nafasi ya kumwona katika maktaba ya mji. Mama Farangis aliniambia niende naye. Kwetu msichana haendi kutazamwa na wanaomposa peke yake, hata kama anayeposa ni chuo.

Bi Dunmore alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele fupi nyeupe, amevaa viatu vya kupandia milima humo humo maktabani. Nilimpenda papo hapo. Yafa akafungua sanduku lake la mawe, akakunjua na ramani. Ramani ile ilionyesha majabali yote ya ufuko wetu, yale makubwa kama gari ambayo barafu ya zamani iliyakokota kutoka kaskazini ikayaacha hapa ilipoyeyuka. Kila jabali alikuwa amelipa rangi yake, na chini ameandika limetoka wapi.

Bi Dunmore akaiinamia, akaifuata kwa kidole jabali kwa jabali. "Umeichora mwenyewe?"

Yafa akashusha macho. "Ah, ni vichoro tu. Mwalimu wangu wa sayansi ndiye aliyefanya kazi. Mimi nilishika kalamu."

Si kweli. Hiyo kazi ilimla Yafa likizo mbili, nami ndiye niliyekuwa nafua suruali zake zenye matope.

"Na haya mawe?"

"Ya kuokota njiani tu. Yamekuchafulia meza, samahani."

"Hm." Bi Dunmore akaligeuza moja kwenye mwanga, akalirudisha taratibu. "Mwezi ujao tunawaita vijana wachache waje walale kwetu, tupande nao mlimani, tuone nani ana miguu na nani ana macho. Ungependa kuja?"

Uso wa Yafa ukawaka kama taa. Kisha akauzima kwa adabu. "Nisingependa kuwasumbua. Bila shaka wapo wanaostahili kuliko mimi."

Akangoja.

Mimi nilimwona anavyongoja. Alikaa kwenye ncha ya kiti, shingo imenyooka, tabasamu liko tayari, akilingoja swali la pili. Mtu wa kwetu hapo angesema: usumbufu gani, mtoto wewe, lazima uje. Yafa angesema: hapana, kweli. Yule angesema: usipokuja nitaudhika. Yafa angesema: basi, kwa vile umenilazimisha. Njia yote ilikuwa imetandikwa zulia, alibaki wa kupita tu.

"Sawa," akasema Bi Dunmore. "Nashukuru umesema wazi." Akampa mkono, akamwita kijana aliyefuata.

Tulipoingia garini Yafa hakufunga hata mkanda. "Hakuniuliza tena, wifi!"

"Nimeona."

"Mtu gani anauliza mara moja? Amelelewa wapi huyu?"

"Vermont."

Akacheka. Kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio, nikamwachia alie mpaka mbele ya duka la mkate, maana hapo hujaa mashangazi wa sinagogi, na Yafa mwenyewe akajua afute macho.

* * *

Bi Pomerantz alikuja kesho yake bila kupiga simu, akaingia na koti lake mwilini.

"Yafa Nehorai! Kaa chini. Nimekusifia kwa yule mama mpaka koo limekauka. Nimemwambia huyu binti akiona jiwe analisalimia. Leo ananiambia, 'Mtoto mpole sana, lakini kwetu hataki kuja.' Ulimwambia hutaki?"

"Sikumwambia sitaki. Nilimwambia nisingependa kuwasumbua."

"Na ulitaka yeye asikie nini?"

"Kwamba nataka."

Bi Pomerantz akanigeukia. "Wewe unaelewa hapo?"

"Naelewa," nikasema.

"Mungu wa Ibrahimu!"

Mama Farangis akamvua koti, nami nikamweleza mambo yetu ya mara tatu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kisha uso ukaanza kumbadilika.

"Ngojeni. Siku ile nilipodaka biskuti mara ya kwanza tu..."

"Tulishtuka kidogo," akasema Mama Farangis kwa upole.

"Na miaka yote nikiwaalika kwangu, nawapitishia sahani, mnaniambia mmeshiba..."

"Tulikuwa na njaa."

"Farangis! Mliniacha nikidhani sijui kupika!"

Mama Farangis akaangalia dirishani. Kuhusu hilo hakutaka kusema uongo, wala kweli.

"Basi sikilizeni," akasema Bi Pomerantz akikunja mikono ya blauzi. "Kwetu tulizaliwa saba. Ukikataa sahani mara moja, imeshafika kwa ndugu yako. Ukikataa mara mbili, inaoshwa. Yafa, njoo hapa. Leteni biskuti."

Akaishika moja mbele ya pua ya Yafa. "Unataka?"

"Hapana, asan..."

Biskuti ikaingia kinywani mwa Bi Pomerantz. "Imekwenda. Unataka?"

"Labda kama wengine wameshapata..."

"Nayo imekwenda. Unataka?"

"Nitachukua kipande kidogo ku..."

"Ninakufa kwa sukari kwa ajili yako, mtoto! Sema neno moja!"

Sahani ilikuwa imefika nusu baba mkwe aliporudi kutoka kazini, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Ikabidi naye aelezwe. Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Kwa hiyo hawa Wamarekani kweli wanamaanisha wanachosema? Miaka yote nafanya nao biashara, nikadhani wana haraka tu."

"Mzee Iraj," akasema Bi Pomerantz, "huyo mama nampigia sasa hivi. Nitamwambia apite hapa Jumapili akirudi kwao. Mumweleze mambo yenu kama watu."

"Aje! Tena siku hiyo nyumba nzima tutasema kama wao. Neno moja, basi. Ndiyo ni ndiyo, hapana ni hapana." Akafurahi na jambo hilo kama mtu aliyenunua redio mpya. Yafa alikuwa anamtazama. Nami nilimtazama. Alisema mengi jioni ile, na katika hayo yote sikusikia mahali aliposema anataka mwanawe aende.

Bi Pomerantz akatoka kwenda ukumbini kupiga simu. Alikaa huko kitambo, na alivyorudi alikuwa anajichekea. Hatukumuuliza kwa nini.

* * *

Jumapili Mama Farangis alipika kama tunaoza binti: madonge ya kuku na dengu kwenye supu, mboga za majani za kuchemshwa na nyama mpaka zimekuwa nyeusi, na wali wa zafarani wenye ukoko mzima, mwekundu, unaogongeka kama mlango. Ukoko ule nyumbani kwetu hugombaniwa hata na wageni wa heshima.

Bi Dunmore akafika na viatu vyake vile vile. Akaketi. Bi Pomerantz akaketi upande wa pili, uso umetulia kama paka.

"Chai?" akauliza baba mkwe.

"La, asante," akasema Bi Dunmore.

"Haya!" Baba mkwe akaliondoa sinia, kifua mbele. Alinitupia jicho kama kuniambia: umeona?

Bi Dunmore akapepesa macho. Mama Farangis akaleta biskuti. "Onja hizi."

"Hapana, nimeshiba."

Mama Farangis akasita. Mkono ulikuwa unataka kuziweka mbele ya mgeni wenyewe, lakini baba mkwe akakohoa, na sahani ikarudi. Ukaja wali. Zafarani ikajaa chumba kizima.

"Tukupakulie?"

"Nisingependa kuwasumbua," akasema Bi Dunmore, sauti imepungua.

"Tumekusikia!" akasema baba mkwe. "Farangis, rudisha."

Chini ya meza mguu wa mtu ulinipiga. Nadhani Bi Pomerantz alikuwa anamtafuta mwingine. Niliona macho ya mgeni yakiufuata ule ukoko hatua kwa hatua mpaka ukapotea jikoni. Kisha nikaona alivyokaa. Alikuwa kwenye ncha ya kiti, shingo imenyooka, tabasamu liko tayari.

Mkao ule nilikuwa nimeshauona, maktabani.

Tumbo la mtu likanguruma, ngurumo ndefu ya masikitiko, na halikuwa la mtu wa nyumba hii.

Yafa akamtazama mwalimu. Akanitazama mimi. Akainuka, akaingia jikoni, akatoka na sahani yote ya ukoko, akaitua mbele ya Bi Dunmore kwa kishindo.

"Mwalimu, kula. Una njaa." Uso ulikuwa umemwiva. "Na mimi naitaka Ashgrove. Niliitaka siku ile, na niliitaka kabla ya siku ile. Ramani nimeichora mimi, yote. Mwalimu wangu alikuja ufukoni mara moja, akaumwa na mbu, akaenda zake. Mawe niliyabeba mgongoni mpaka Mama akasema nitakuwa na kibyongo. Huo mlima wenu nitaupanda hata pekupeku." Akavuta pumzi. "Ni hayo."

Bi Dunmore alikuwa ameshamega. Aliinua kidole tumngoje ameze.

"Bi Pomerantz aliniambia nikatae kila kitu mara tatu," akasema. "Akasema nikikubali mara ya kwanza nitaonekana mlafi."

Tukamgeukia Bi Pomerantz sote.

"Nilikuwa nasaidia!" akalia. "Mzee alisema mara moja tu kwamba mtageuka. Nani angejua anamaanisha?"

"Sijala tangu asubuhi," akasema Bi Dunmore. "Nilidhani nitafia kwenye kiti hiki."

Mama Farangis akapiga uyowe wa aibu, na kabla uyowe haujaisha chakula chote kilikuwa mezani. Tukacheka mpaka baba mkwe akavua miwani. Bi Dunmore akala na kuuliza, akauliza na kula. Jabali la karibu na gati, kwa nini Yafa kaandika limetoka Connecticut? Yafa akamweleza chembe zake na rangi zake. Na lile lingine, ana hakika? Hana hakika, akasema Yafa, ameweka alama ya kuuliza pembeni, hebu tazama. Mwalimu akatazama. Alama ilikuwepo.

"Basi," akasema Bi Dunmore. "Nafasi ni yako kama unaitaka."

"Naitaka."

Ilitoka upesi hivyo mpaka Bi Pomerantz akapiga makofi.

Bi Dunmore akapangusa vidole, akamgeukia baba mkwe. "Na wewe, mzee? Unamruhusu?"

Mkono ukapanda kifuani. "Furaha yake ndiyo furaha yangu. Aende."

"Nimeambiwa nyumba hii haijibu mara ya kwanza. Unamruhusu?"

"Nimesema, mwalimu, aende! Kwani mimi..."

"Ya tatu nitauliza mimi," akasema Yafa.

Aliisukuma sahani yake kando. Niliona vidole vyake vinatafuta kitambaa cha meza, kisha vikaacha.

"Baba, niende?"

Baba mkwe akafungua kinywa, akakifunga. Mkono ukashuka wenyewe kutoka kifuani, ukakaa juu ya meza kama kitu cha mtu mwingine.

"Usiende," akasema.

Bi Pomerantz akavuta pumzi kutaka kusema. Nikamtia biskuti mkononi.

"Sitaki uende," akasema baba mkwe. Hakuwa anaongea vizuri sasa. Maneno yalimtoka moja moja. "Ijumaa, meza ya baba yangu kule Shiraz ilikuwa lazima tuiunge na ya jirani. Ndugu yangu mmoja akaenda Tel Aviv. Tukamwambia nenda, furaha yako ni yetu. Mwingine akaenda Los Angeles. Nenda, nenda. Dada yangu, nenda. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa usiende. Kila mtu alikuwa na adabu. Sasa mimi nakuambia wewe."

Nilidhani Yafa atalia. Hakulia. Alizunguka meza, akaketi karibu naye.

"Asante, Baba."

"Unanishukuru nini? Nimekukatalia."

"Sijawahi kukusikia ukisema hutaki kitu. Hata samaki wa shangazi, unamsifia." Akamgusa kiwiko. "Ukisema aende, mimi sijui niseme nini. Ukisema usiende, tunaweza kuongea."

Baba mkwe akamgeukia Bi Dunmore, akaanza kumuuliza kama anavyonunua jiwe, analiinua, analishusha, analigeuza upande usiopendeza. Huko Ijumaa kuna nani? Wayahudi si wengi, akasema Bi Dunmore, hatamdanganya. Wanafunzi wenyewe hukusanyika wakawasha mishumaa, wakaoka mkate wao wa Sabato.

"Mzuri?"

"Safari moja niliomba kipande kwa ajili ya darasa langu. Kilikuwa kigumu kuliko sampuli nyingine zote."

Baba mkwe akacheka bila kupenda, akakasirika kwa kuwa amecheka. "Nyama?"

"Inaletwa kutoka Boston, iliyochinjwa kwa sheria yenu, imegandishwa."

"Wali?"

"Upo."

"Una ukoko?"

"Leo ndiyo nimeuona mara ya kwanza."

"Huo si wali. Huo mlima una uzio?"

"Hauna."

Hilo hakulipenda hata kidogo. Akauliza theluji, akauliza daktari, akauliza barabara. Mengine yalimridhisha, mengine hayakumridhisha, na Bi Dunmore hakuyapaka asali.

"Ijumaa nitakupigia kabla jua halijazama," akasema Yafa. "Unibariki kwenye simu."

"Nitaweka mkono juu ya nini? Kichwa chako kitakuwa huko."

"Nitaweka wangu."

"Si sawa."

"Si sawa, Baba. Lakini ndio utakaokuwepo."

Chai ya baba mkwe ilikuwa imepoa, akainywa hivyo hivyo.

"Niulize tena," akasema.

"Umeshanijibu."

"Yafa, niulize."

"Baba, niende?"

Bi Pomerantz alikuwa ameivunja biskuti yake vipande, hajala hata kimoja. "Nenda," akasema baba mkwe, na mikono yote miwili ilikuwa imelala juu ya meza. "Na Pasaka unarudi. Hapo sikuombi."

"Narudi."

"Na usipande huo mlima peke yako."

"Sipandi."

"Na kama ni mbaya unaniambia ni mbaya. Usiniambie ni nzuri."

"Nitakuambia, Baba. Mpaka uchoke."

Bi Pomerantz alikuwa anapenga kamasi kwenye kitambaa kizuri cha mezani, na sote tulijifanya hatuoni. Ndipo sauti ikatoka mlango wa jikoni.

"Na mimi?"

Mama Farangis alikuwa amesimama pale na mwiko.

"Mmeulizana ninyi kwa ninyi mchana kutwa. Mara moja, mara tatu, mara nne, mpaka wali umepoa. Mimi nani kaniuliza?"

Baba mkwe akaanza kujieleza, akakatwa na mwiko. Yafa akainuka, amejaa aibu. "Samahani, Mama. Mama, niende?"

Mama Farangis akaweka mwiko, akaenda kwenye kabati la ukumbini, tukamsikia anasogeza mifagio na mabegi. Akarudi na koti. Lilikuwa jipya, la buluu, nene kama godoro, lenye kofia ya manyoya, na karatasi ya dukani bado inaning'inia kwenye mkono.

"Lijaribu," akasema. "Kama halikutoshi wanabadilisha, lakini mwisho Jumatano."

"Hilo umelinunua lini?" akauliza baba mkwe.

"Wewe kula."

Yafa akalivaa humo humo sebuleni, mbele ya meza. Mikono ya koti ikampita vidole. Mama Farangis akamfunga zipu mpaka kidevuni, akamvika na kofia, akarudi nyuma kumtazama.

"Kubwa," akasema Bi Pomerantz.

"Kwa Vermont?" akasema Bi Dunmore, akijipakulia tena bila kuulizwa na mtu. "Si kubwa."